Safu Nne kwa Siku

Mwaka ule tulikuwa walimu saba kwa wanafunzi zaidi ya mia nne, na mimi nilikuwa nimeshachoka. Nalisema hilo mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani. Nilifundisha lugha, nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na mtoto akiacha kuja shule niliandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, nikafungua ukurasa mwingine. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya mwalimu wa Hesabu, dada wa miaka ishirini na saba ambaye watoto walimwita Miwani, maana miwani yake ilikuwa kubwa kuliko uso wenyewe. Yeye alikuwa haandiki mtoro. Aliandika "sijui" kwa penseli, halafu jioni akavaa raba zake na kwenda kujua.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa akina Wembe.

Wembe alikuwa binti wa darasa la sita, miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake. Jina hilo alipewa na Miwani siku alipomaliza ubaoni hesabu ambayo Miwani mwenyewe alikuwa hajamaliza kuiandika. Muhula ule alianza kukosa Jumatatu. Kisha akawa anakosa Jumatatu na Jumanne. Kisha akawa haonekani kabisa.

"Mzee, unapita njia ya tanuri ukienda nyumbani," Miwani aliniambia. "Nisindikize."

Kiwanda cha matofali kilikuwa nyuma ya mji, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Moshi wake tuliuona kutoka madirishani kila siku, na upepo ukigeuka tuliufuta kwenye madawati. Sikuwahi kuingia ndani, ingawa nilipita kando ya ua wake mara mbili kwa siku kwa miaka kumi na moja. Ndani kulikuwa na uwanja mpana mwekundu, na uwanja wote umejaa matofali mabichi yaliyoanikwa kwa safu ndefu, kama watu waliolala kambini. Pembeni kulikuwa na vyumba, mlango mmoja kila chumba, bila dirisha, vimejengwa kwa matofali yaliyoharibika motoni.

Mbele ya chumba cha nne alikaa mwanamume kwenye mkeka, amejifunika shuka mchana wa jua kali. Huyo alikuwa baba yake Wembe. Alikuwa mchomaji wa tanuri miaka kumi na mitano, na moshi ule ulikuwa umemmaliza kifua.

"Karibuni, walimu," alisema, na kila maneno matatu akapumzika. "Viti tulivipeleka kwa fundi mwaka juzi. Bado fundi anavitafakari. Kalieni matofali, hayo ndiyo tuliyonayo kwa wingi."

Mama alikuwa uwanjani, ameinama, tope mpaka magotini. Alijaza tope kwenye kalibu, kisanduku cha mbao cha kufyatulia, akasawazisha kwa kiganja, akaigeuza, akaivuta juu, tofali likabaki chini limesimama kingo zake. Kisha lingine. Wembe alikuwa anapita na ubao kichwani, amepakia matofali makavu, anayapeleka kwenye rundo, anarudi mbio bila ubao kuyumba. Alipotuona alisimama, akaificha mikono yake nyuma kama mtu tuliyemkuta anaiba.

Kwenye lundo la mchanga alikaa mtoto wa miaka sita, mdogo wake, akichimba kwa kijiti. Walimwita Tonge tangu alipozaliwa, kwa sababu alizaliwa mnene. Unene ulikuwa umekwisha, jina likabaki.

"Mwalimu, mimi shule siikatai," mama alimwambia Miwani, huku mikono ikiendelea na kazi. "Mimi mwenyewe nilifika darasa la nne na nilikuwa najua kusoma vizuri tu. Lakini nitazame. Mmoja anatakiwa akanyage tope. Mmoja afyatue. Mmoja abebe na kugeuza, maana tofali usipoligeuza linapasuka. Zamani baba yao alikuwa anakanyaga tope kabla hajaingia zamu ya moto. Sasa nakanyaga mimi, na nafyatua mimi. Nani abebe?"

"Na matofali yakipungua?" Miwani aliuliza.

"Ni safu nne kwa siku. Zikipungua wiki nzima, chumba anapewa mwingine. Unawaona wale pale getini? Hawakai pale kupunga upepo. Wanangoja chumba."

Miwani alikuna shingo. Nilimjua, alikuwa anapiga hesabu.

"Kugeuza na kubeba kunaweza kusubiri mpaka saa tisa na nusu?"

"Kunaweza, kama wabebaji ni wawili. Mmoja hatamaliza kabla ya giza."

"Basi watakuwa wawili. Wembe na mimi."

Mama aliacha kalibu. Baba, kule kwenye mkeka, alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kilipomwachia akasema, "Mwalimu, hapa hatufundishi watu wazima."

Mimi nami nilidhani ni maneno ya siku moja. Lakini kesho yake, kengele ilipolia, Miwani alifunga kitenge juu ya sketi yake, akaondoka na Wembe wameshikana mikono. Siku ya tatu alikuja shuleni na malengelenge viganjani, akashika chaki kwa kitambaa. Walimu wenzangu walimtania wakasema tumepata saidia fundi wa bure, tumjengee choo cha walimu. Naye alicheka nao. Wembe alimpa sare iliyotokana na gauni lake la zamani. Nasema alimpa, si alimshonea, kwa sababu Miwani hakujua kushika sindano, kwa hiyo gauni lilikuwa lake na mshono ulikuwa wa mtoto. Mimi nilitoa kalamu mbili na ushauri. Ushauri ulikuwa mwingi kuliko kalamu.

Wiki ya kwanza nyapara wa kiwanda alimfuata. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, anayetembea na fimbo ya kuhesabia safu.

"Naona mwalimu umepata kazi ya pili," alisema.

"Na wewe naona umewapa watoto kazi ya kwanza," Miwani alimjibu. "Sheria unaijua?"

Nyapara hakukasirika. Alitoa daftari mfukoni, akamfungulia. "Tazama orodha yangu. Nionyeshe mtoto. Ni watu wazima watupu. Mimi nimempa kazi mama. Akija na mwanawe, huyo ni mwanawe. Au unataka nimkataze mama kukaa na mtoto wake?"

Miwani aliisoma orodha yote, mstari kwa mstari. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na jina la mtoto hata mmoja, na uwanjani pale, mbele ya macho yake, walikuwapo zaidi ya ishirini.

Sitaki kutia chumvi, lakini wiki zile za mwanzo zilikuwa nzuri. Wembe alirudi kama mtu aliyetoka safari na ana mengi ya kuuliza. Kipindi changu kimoja nilirudisha mitihani, akanyanyua mkono. "Mwalimu, samahani. Hapa umenipunguzia alama mbili, na huyu jirani yangu umemzidishia tatu." Darasa likaangua kicheko. Jirani akamtazama kama msaliti. Nilijumlisha upya mbele yao, na alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nilimpa karatasi zote azijumlishe kabla sijazirudisha, na nilikuwa natembea kwenda darasani kwao bila kuburuta miguu. Ilikuwa miaka mingi hilo halijatokea.

Watu wa shirika moja walikuja, wakawapiga picha Wembe na Miwani chini ya ubao. Mwalimu mkuu aliibandika ofisini kwake, akawa anawaonyesha wageni. "Huyu tulimtoa kwenye matofali," alisema. Neno "tulimtoa" lilinifurahisha hata mimi.

Kisha ikafika miezi ya mitihani ya darasa la saba. Mwalimu mkuu akamwagiza Miwani afundishe masomo ya ziada kila siku mpaka jua kuzama. Hakuwa na njia ya kukataa. Watoto wale nao walikuwa wake, na wengine walitoka uwanja uleule wa matofali. Alikwenda akamweleza mama. "Nivumilie wiki mbili," alisema. Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa sita.

Kila asubuhi alimwuliza Wembe mlangoni, "Nyumbani mnafikisha?"

"Tunafikisha, Mwalimu."

"Mama anasaidiwa na nani?"

"Jirani."

"Jirani gani huyo mwenye roho nzuri hivyo?"

"Yuko mmoja," alisema Wembe, na kuingia darasani.

Miwani aliamini, kwa sababu kuamini kulimpa nafasi ya kupumua.

Mimi sina kisingizio hicho. Mimi nilipita pale kila siku. Jioni moja, kupitia tundu la ua, nilimwona Tonge kati ya safu, amechuchumaa, mikono miekundu mpaka viwikoni, analigeuza tofali taratibu, analigeuza jingine. Nilijiambia anacheza. Mtoto wa miaka sita anacheza na chochote. Wiki iliyofuata nilimwona tena. Safari hiyo alikuwa na ubao kichwani, na juu ya ubao matofali mawili, na alikuwa anatembea kwa hatua fupifupi huku ameuma ulimi. Nilisimama. Nilimtazama mpaka akafika kwenye rundo na kuushusha. Kisha nikaondoka.

Sikumwambia Miwani. Nilifikiri: anaanza masomo saa moja asubuhi, anamaliza saa kumi na mbili jioni, amekonda. Nilifikiri: Wembe amebakiza mwaka mmoja. Nilifikiri mambo mengi, yote ya busara, na nilipofika nyumbani nilikula nikalala.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kipindi changu, baada ya mapumziko ya mchana. Haikuwa majira ya mvua. Wembe alikuwa ubaoni akichanganua sentensi, na upepo ukaingia ukabeba karatasi mezani kwangu. Darasa likawa giza ghafla. Wembe aligeuka dirishani. Sisi wengine tuliliona wingu. Yeye aliona kitu kingine. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope, na kazi ya wiki nzima inaondoka na maji mferejini. Aliweka chaki chini na kukimbia.

"Rudi ukae," nilimwambia.

Hakugeuka. Watoto wengine wanne wa kiwandani walisimama, wakanitazama, nao wakakimbia.

Ninayoyasema sasa niliyasikia baadaye, kwa mama mwenyewe na kwa Wembe. Kiwanda kizima kilikuwa kinakimbia. Kila familia ilikuwa inaokoa yaliyo yake, wanayarundika matofali yaliyokauka nusu, wanayafunika nailoni. Mama alipanga rundo refu kuliko inavyotakiwa, maana nailoni ilikuwa moja tu. Baba alijitahidi kuinuka akaanguka mlangoni. Upepo ulikuwa unaichukua nailoni, na hapakuwa na mtu wa kuishika wala jiwe zito karibu. Kwa hiyo mama akamwambia Tonge akalie ncha ya nailoni chini ya rundo. "Kaa hapo, usiondoke mpaka nikwambie."

Tonge akakaa. Mvua ikaja kwa nguvu. Maji yakapita chini, yakalowesha safu za chini, zikalainika, na rundo likaanza kuinama. Mama alikuwa upande wa pili akikimbilia safu nyingine. Wembe ndiye aliyeliona akitokea getini. Aliita. Mtoto alimsikia dada yake, akamtazama, na hakuondoka, kwa sababu aliambiwa asiondoke.

Walimchimbua kwa mikono. Walimpeleka zahanati juu ya mlango walioung'oa chumbani, na zahanati ikawapeleka hospitali, na hospitali siku ya pili wakamkata mguu wa kulia juu ya goti. Nyonga nayo ilikuwa imevunjika. Daktari alisema alikuwa na bahati, na nadhani alisema vile kwa sababu huwaambia hivyo watu wote.

Mimi na Miwani tulikwenda Jumamosi asubuhi. Nilibeba chupa ya chai. Wodini mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimpepea mtoto kwa kipande cha boksi, ingawa hapakuwa na joto wala nzi. Hakutulaumu. Kulaumiwa kungekuwa nafuu.

"Ni mimi niliyemwambia akae pale," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, kama vile hatukusikia, "Ni mimi niliyemwambia."

Baba alikuwa ameegemea ukuta, ameshika tama. Nilimsalimia, nikangoja aseme neno lake la utani. Alinipa mkono tu.

Wembe tulimkuta nje kwenye ushoroba, amekaa sakafuni. Sare yake ilikuwa bado na tope la siku ile. Miwani aliketi sakafuni kando yake.

"Nilikudanganya," Wembe alisema. "Hakukuwa na jirani."

"Najua sasa."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Asubuhi kabla sijaja shule. Nilimwonyesha jinsi ya kuligeuza bila kuacha alama za vidole, ulilaze ubavu kama unamlaza mtoto. Alikuwa anachoka, kwa hiyo nikafanya mchezo. Nikamwambia haya matofali ni wanafunzi na wewe ndiye mwalimu, waamshe. Akawa anawaamsha. Anawaambia, amka, amka, na wewe amka." "Akapenda. Akawa ananiuliza mimi nikirudi, leo kwenu wameamka wangapi."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekwambia ungekuja kubeba. Na darasa la saba nani angewafundisha?"

Miwani alianza kumbandua tope lililokauka begani.

"Si hivyo tu," Wembe alisema, na sauti yake ile nzito ikawa ndogo. "Nilitaka kubaki, Mwalimu. Nilijua ni mdogo. Nilitaka kubaki."

Miwani alimvuta kifuani. Mtoto hakulia wala hakumkumbatia. Alikaa mikononi mwake kama kifurushi, akitazama mlango wa wodi.

Njiani kurudi nilimwambia Miwani. Sijui kwa nini nilichagua siku ile; labda nilifikiri uchungu ukiwa mwingi, wangu hautaonekana. Nilimwambia niliona na sikusema.

Alisimama katikati ya barabara. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa.

"Ulimwona mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili," alisema.

Hakunitukana. Tangu siku hiyo alinisalimia kila asubuhi, aliniazima rula, aliniuliza hali ya mke wangu. Lakini hakutembea nami tena kurudi nyumbani.

Aliandika barua kwa ofisi inayoshughulika na mambo ya watoto. Alipita kila mlango mpaka afisa mmoja akakubali kuja. Afisa alikuja Jumatano, siku ambayo kiwandani walishaambiwa tangu Jumatatu. Uwanja ulikuwa safi kama umefagiliwa kwa ajili ya harusi. Hakuna mtoto, hata wa mgongoni. Nyapara alitoa daftari lake. Afisa alisoma orodha, akauliza kuhusu ajali, akaambiwa mtoto alikuwa anacheza mvuani karibu na matofali ya mama yake. Akaandika. Kwa haki, alikuwa mtu mstaarabu, alimwambia Miwani, "Mwalimu, nipe kitu cha kushika. Nipe jina kwenye karatasi." Miwani alikuwa na majina ishirini, yote kichwani na kwenye daftari la shule, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye karatasi ya kiwanda.

Wiki hiyohiyo chumba cha nne kilipewa watu wengine. Nyapara alimwambia mama kwamba pale si mahali pa kuuguzia, na kwamba anawaonea huruma. Kwa siku kadhaa Wembe hakuja shuleni. Miwani alipokwenda alikuta mwanamke mwingine anafyatua, na watoto wawili asiowajua wanabeba.

Alitafuta zaidi ya mwezi. Aliuliza madereva wanaobeba matofali, aliuliza wauza kuni za matanuri. Mmoja akamwambia kuna familia yenye mtoto wa mguu mmoja kwenye kiwanda cha mbali, ng'ambo ya mto, huko wanapokea watu bila maswali. Siku hiyo Miwani alikuja mezani kwangu.

"Sitaki kwenda peke yangu," alisema, bila kunitazama. "Na hakuna mwingine anayewajua."

Tulipanda gari la matofali lililokuwa linarudi tupu. Lilituchukua asubuhi nzima.

Wembe ndiye aliyekuwa anafyatua. Alikuwa mwepesi kuliko mama yake. Kalibu ilipanda na kushuka hata macho hayakuweza kuifuata. Mama alikuwa shimoni anakanyaga tope, na akitoka shimoni anabeba. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo miezi miwili haiwezi kueleza. Baba alikuwa ndani amelala. Na Tonge alikuwa kati ya safu. Alijiburuta kwa makalio, akijisukuma kwa mkono mmoja na mguu uliobaki, na kila alipofika alinyoosha mkono akayageuza yaliyo karibu, kisha akajisukuma mbele. Alifanya vizuri. Hakuacha alama za vidole. Alikuwa hazungumzi na matofali.

Miwani alikuwa amebeba vitabu kwenye mfuko. Alichuchumaa mbele ya Wembe.

"Kuna shule upande huu. Nimeuliza. Ni mbali kidogo, lakini nimezungumza na mwalimu mkuu kwa simu, amesema atakupokea hata bila uhamisho."

"Hapa ni safu tano," Wembe alisema. Mikono haikusimama.

"Nitatafuta mtu wa kumsaidia mama. Safari hii mtu mzima. Nitakuja mwenyewe kila Jumamosi kuhakikisha."

"Mwalimu."

"Nisikilize kwanza."

"Mwalimu, usije tena." Alilisema kwa adabu, kama anavyoomba ruhusa ya kutoka nje. "Ukija, mama hapati usingizi. Anaanza kuwaza labda iko njia. Na mimi nikikuona, na mimi nawaza. Halafu unaondoka, na sisi tunabaki na mawazo na kazi iko palepale."

Miwani aliinuka. Alimwekea mfuko wa vitabu kando ya lundo la tope. Wembe aliutazama kwa jicho la pembeni, muda mrefu kidogo kuliko alivyotaka tuone.

"Uchukue," alisema. "Huku hatuna mahali pakavu."

Mama alitoka shimoni kutuaga. Alimshika Miwani mkono kwa mikono yake miwili yenye tope, akamshukuru, na alimaanisha, na nilimwona Miwani akiyapokea maneno yale kama mtu anayepigwa. Mimi nilikwenda kwa Tonge. Nilimwuliza hajambo, akaniambia hajambo, akaniomba nisogee kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye njia yake.

Tulirudi na gari jingine la matofali, Miwani amepakata mfuko wa vitabu.

Muhula uliofuata darasa la tano lilimpoteza msichana mmoja, mtoto wa mfua nguo anayeishi karibu na soko. Miwani aliandika "sijui," kama kawaida yake, na jioni akaenda. Kesho yake alikuja ofisini mapema, akakaa, akanisimulia, mimi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine ofisini.

Alimkuta msichana beseni mbele yake, mikono imebabuka kwa sabuni. Alimweleza mama yake yote: umuhimu wa shule, sare ya bure, kwamba mtoto ana akili. Mama alimsikiliza vizuri. Halafu akamwuliza bila ubishi, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Akija huko kwako, mwalimu, hizi nguo atafua nani?"

Na pale kizingitini, Miwani aliniambia, alikaa mdogo wake msichana, kama wa miaka mitano, anacheza na povu.

"Nilimtazama yule mdogo," alisema. "Nikawa natafuta maneno. Niliyatafuta, Mzee. Mwisho nikawaambia siku njema, nikaondoka."

Nilitaka kumwambia kitu. Miaka thelathini nimefundisha lugha, na nilikaa pale na mdomo wangu, nikitazama vidole vyake vikivunjavunja chaki juu ya meza. Msichana yule hakurudi shuleni. Kengele ya kipindi cha kwanza ililia, Miwani akafuta vumbi la chaki kwa kiganja, akachukua vitabu vyake na kwenda darasani, nami nikaenda kwangu.